Neno la Kula Pale La Rochelle

Enzi zetu, na msinicheke kwa kuwa nazungumzia 2016 tu, ua mmoja wa vyumba vya kupanga pale mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, ulitutosha kabisa. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, hadi magoti yakachubuka, na harufu ya sombe, yaani kisamvu, ya mama iliingia kila dirisha. Simu tuliziona mikononi mwa wakubwa.

Ila shuleni mjukuu wa Gogo, bibi wa Kizulu mwenye nyumba yetu, aliniambia nirudi kwetu. Iliniuma mno. Nikaacha Kiswahili hata nyumbani. Baba akiniita, namjibu Kiingereza. Baba, mlinzi aliyetoka Uvira, alihuzunika waziwazi. Jioni moja akaniketisha.

"Mwanangu, sisi tunasema kula. Kifuliiru cha bibi yako, kulya. Wazulu, ukudla. Nani alimwibia mwenzake? Hakuna! Wazee wetu walikuwa nyumba moja, zamani sana. Walipoachana njiani, kila mmoja aliondoka na neno lake la kula. Si unaona walijua la maana? Zunguka vyumba uulize."

Nikazunguka. Kwa mama Mzimbabwe nikauliza, "Kwenu kula mnasemaje?" Akasema kudya, akanipakulia sadza, ugali wao. Mzambia akasema kulya, akanikatia samaki. Watu wale, ukiwatajia kula tu, washaona mtoto ana njaa! Gogo ndiye aliyenijazia sahani kuliko wote.

Mama, msusi asiyependa kusemwa, aliposikia alikuja juu. "Unanitia aibu! Watasema silishi watoto!" Akapika sufuria nzima ya sombe, akanituma niipeleke kila mlango. Kwa Gogo nilisita mlangoni, maana mjukuu wake alikuwepo. Gogo akatuketisha sahani moja. Yule kijana akaonja, akachota tena. "Eish, kumnandi!" akasema, yaani ni kitamu kweli. Kesho yake shuleni alinishikia nafasi kwenye mstari, na mimi nikaanza tena kumjibu baba kwa Kiswahili.

Leo tunaishi Randburg, kwenye fleti. Tumeshiba, namshukuru Mungu. Lakini wadogo zangu huagiza chakula kwa simu, na jirani hatumjui hata jina. Ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na sahani huwa wanaibeba chumbani kama mateka. Siwalaumu sana. Jumapili mama akipika, yule mdogo kabisa huchungulia sebuleni na kuita, "Baba, njoo tule!" Baba huacha hata mpira kwenye televisheni, na kuja mbio.