Alama Ishirini na Mbili kwa Miezi Minne

Saa mbili asubuhi, mtaalamu wa tiba ya viungo amepiga magoti mkekani, saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Mbele yake msichana wa miaka saba, aliyeumia ubongo baada ya kugongwa na pikipiki, anajaribu kujigeuza kutoka chali hadi kifudifudi.

"Taratibu, mama. Hushindani na mtu."

Kiwiko kinatetemeka, kinateleza, kinarudi. Msichana anageuka. Sekunde kumi na nane. Mtaalamu anaandika.

Wenzake humwita Mama Futi, maana haandiki alama ambayo hajaipima. Ana miaka kumi na tisa kazini, na mwaka huu ndipo alipojua kuwa hasira humnyima mtu hata hamu ya chakula.

Jalada la msichana huyu liliandikwa alama 22 kati ya 100 za uwezo wa kujongea. Mwezi uliofuata, 22. Miezi minne mfululizo, 22, kwa kalamu ileile. Kamati ya hospitali ikasema hana maendeleo, ikamfuta kwenye orodha ya mazoezi.

"Aliyekuwa akipima alisimama mlangoni," anasema Mama Futi, sauti ikipanda. "Mtoto hapimwi kwa jicho kama mbuzi mnadani!"

Bibi wa msichana ndiye aliyegoma. Alimbeba mjukuu mgongoni hadi hospitalini, akamketisha juu ya meza ya mapokezi.

"Nyumbani anakaa mwenyewe, anashika kijiko. Ninyi mnasema hawezi. Mmemwona wapi?"

Mama Futi akampima upya, saa nzima. Akapata 41.

Alipopeleka karatasi kwa mkuu wake, aliambiwa yaishe kimyakimya, wasivuane nguo hadharani.

"Nikamwambia, bosi, aliyevuliwa nguo ni mtoto."

Akafungua majalada mengine. Manane yalikuwa na namba zilizonakiliwa vivyo hivyo. Mpimaji yule alihamishiwa idara nyingine. Hakuna aliyemuuliza neno.

Msichana amerudishwa kwenye mazoezi, lakini kifundo cha mguu wake wa kushoto kimekakamaa kwa miezi aliyoachwa. Huenda kisinyooke tena.

"Hilo silisamehe. Ubongo wake ulikuwa unapambana. Sisi ndio tuliolala."

Jumatatu anaanza likizo yake, na ataitumia kuwafuata watoto wanane wa majalada yale nyumba kwa nyumba, awapime upya. Ameapa pia kwamba hakuna alama itakayoingia jaladani bila mzazi kuwepo na kuona kwa macho yake. Mkuu amemjibu kuwa utaratibu huo haupo.

"Basi auandike," anasema Mama Futi. "Mimi nimeshauanza."