Mama Pindo na cherehani iliyokataliwa kwa kuwa nzima

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Pindo anafuta cherehani ambayo si yake. Anapitisha kitambaa kwenye gurudumu, kwenye mkanda, mpaka kwenye skrubu ambazo hakuna atakayezitazama.

"Walinipa ina vumbi," anasema, huku shemeji yake akisubiri mlangoni kuibeba. "Lakini mimi kurudisha kitu cha watu kichafu? Thubutu!"

Kwa miaka sita, mama huyu wa watoto watatu ameshona sare za shule nyumbani kwake kwa ajili ya kampuni iliyomwazima vifaa. Sketi arobaini kwa siku, na shule zikikaribia kufunguliwa, hata sitini. Jina la utani alipewa na majirani kwa sababu ya mapindo yake, ambayo ukiyapima kwa rula ni rula itakayoaibika.

Mwezi uliopita aliiaga kampuni. Hospitali moja imekubali kumpa kazi ya kushona mashuka na makoti ya wauguzi, kwa sharti kwamba kabla ya saa sita mchana wa leo alete karatasi iliyosainiwa kuonyesha amerudisha vifaa vyote vya kampuni hiyo. Bila saini, kazi anapewa mwingine.

Kwenye stoo ya kampuni, mtunza stoo mwenye kalamu tatu mfukoni anafungua fomu ya makabidhiano ya miaka sita iliyopita. Mkasi upo. Pasi ipo. Anaketi kwenye cherehani na kupitisha kipande cha kitambaa. Mshono unatoka safi. Anakunja uso.

"Dada, hii siyo."

"Siyo nini, kaka?"

"Hapa imeandikwa mashine inaruka mishono. Hii hairuki. Umetubadilishia."

Nimeandika habari za watu walioshutumiwa kwa kuharibu mali. Kwa kuitengeneza, huyu ni wa kwanza. Namba ya mashine ilishafutika zamani, na ukutani saa inaonyesha saa nne na nusu.

"Ubaya ni kwamba maneno yale niliyaandika mimi mwenyewe siku ya kukabidhiwa, nikiogopa kusingiziwa," atakiri baadaye.

Hapandishi sauti. Anatoa kwenye mkoba kikopo cha mafuta ya kujipaka, na ndani yake kijichuma kilicholika upande mmoja. Ndicho kilichokuwa kinadaka uzi chini ya sindano. Mwaka ule wa kwanza alinunua kipya kwa fedha yake, akakifunga. Cha zamani hakukitupa, maana ni mali ya kampuni.

"Kama unataka ilivyokuja, nipe bisibisi."

Mtunza stoo anampa kweli! Dakika kumi baadaye mashine inaruka mishono kama iliyochanganyikiwa. Uso wa kaka yule unang'aa.

"Ndiyo yenyewe!" anasema, na kusaini.

Kisha anaona kile kipya kinaingia kwenye kikopo.

"Sasa dada, si utuachie hicho kizima?"

"Hiki changu, kaka. Fomu yako haikitaji."

"Na hii nani ataitengeneza?"

"Nileteeni nyumbani. Ila mtakuja kama wateja."

Njiani kwenda hospitali anakiri kwamba imemuuma kuiacha katika hali ile. "Imenilishia watoto," anasema. Saa tano na nusu karatasi inapokelewa, na kazi ni yake.

Nyumbani, sakafuni zimebaki alama nne za miguu ya cherehani. Mumewe anapendekeza pawekwe kochi.

"Mume wangu, hapo pana mwenyewe," anamjibu, akicheka.

Jumamosi inaletwa cherehani ya mtumba, ya aina ileile, aliyoilipia kidogo kidogo. Mafundi wawili waliikataa kabla yake. Muuzaji hakumficha: inaruka mishono.

"Nikamwambia ilete hivyohivyo," anasema Mama Pindo, na kukitikisa kile kikopo.