Fundi wa Ganjoni

Juzi zahanatini nilimwona binti akipokea dawa zake za ukimwi, uso wazi, akicheka na muuguzi. Nikamkumbuka mamangu mdogo.

Nilipokuwa mtoto, yeye alikuwa akinipakia kwenye tuktuk kutoka Mji wa Kale hadi Ganjoni, akisema twaenda kwa fundi wa nguo. Siku hizo tu ndipo alipovaa ninja, yakabaki macho tu. Tulikaa benchini na wanawake wengine waliojifunika, pakinuka udi na dawa ya kusafishia sakafu, nami nikiingoja nguo yangu ya Idi. Alipopewa chupa yake aliishindilia pamba isilie njiani. Nilidhani mna vifungo ndani.

Alasiri moja mwanamke aliyejifunika alikaa kando yangu. Nilimjua kwa hina ya miguuni: jirani yetu.

"Bi Zuhura, na wewe washonesha huku?"

Mama mdogo akanibana mkono.

Bi Zuhura alimtazama mama mdogo, kisha akanijibu taratibu, "Naam, mwanangu. Fundi wangu ni huyu huyu."

Tangu hapo wakawa wakipanda tuktuk moja. Nguo yangu haikushonwa, lakini wao wawili wazima mpaka leo, na bado huniaga kuwa wanakwenda kwa fundi.