Msusi Aliyesomewa Mpaka Akapata Digrii

Saa moja na nusu asubuhi, saluni ya Mama Pacha imeshajaa. Kwenye kiti cha mbele ya kioo ameketi askari wa kike wa trafiki. Kofia ameivua, ameipakata, na juu ya kofia amefungua kitabu kinene. Anasoma kwa sauti ileile anayosimamishia malori.

“Polepole, afande,” anasema Mama Pacha, kitana kikiwa kimebanwa kwa meno. “Hapo umepita koma kama huioni.”

“Koma yenyewe haina leseni,” anajibu trafiki, na benchi zima linaangua kicheko.

Chumba ni kidogo, mmoja akinyoosha miguu mwenzake anakunja yake. Kwenye misumari ukutani zinaning’inia rasta nyeusi, za kahawia, na fungu moja la zambarau ambalo tangu liletwe halijapata mwenyewe. Chini ya kioo, kati ya kopo la mafuta na birika la maji ya moto ya kuchovyea ncha, vimepangwa vitabu. Majalada yake yanang’aa kwa mafuta ya nywele.

Utaratibu wa saluni hii ni wa aina yake. Mteja akisoma sura nzima kwa sauti huku anasukwa, anapunguziwa robo ya bei. Ndivyo mwanamke huyu wa miaka thelathini na tisa, mama wa mapacha wa kike, alivyopata digrii ya historia na falsafa mwezi uliopita, baada ya miaka saba ya masomo ya jioni.

“Mikono ilikuwa na kazi, macho yalikuwa na kazi,” anasema. “Nikaona kilichokaa bure ni masikio.”

Ada aliihesabu kwa vichwa. Muhula mmoja ulikuwa vichwa hamsini vya rasta ndogo, na kichwa kimoja cha rasta ndogo kinakula karibu siku nzima. Vichwa vya mafungu makubwa vilikwenda kwenye kodi ya chumba cha saluni, unga, na sare za mapacha. Mumewe, fundi wa majokofu, alijaza pale palipopungua.

“Nilimwambia, mke wangu, soma,” anasema fundi huyo. “Sahani nitaosha. Ila usije ukazikagua.”

Si wote waliopokea habari hiyo vizuri. Wifi yake, mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi, alikuja siku ya kwanza aliposikia, hata chai hakungoja.

“Historia?” aliuliza. “Wifi yangu, hayo ni mambo yaliyokwisha kupita. Nani atakulipa kwa yaliyopita? Si ungesoma hata uhasibu, tukakutafutia meza?”

“Wifi, meza ninayo,” Mama Pacha alimjibu. “Kinachonikosesha usingizi ni maswali.”

Maswali hayo anayo tangu utotoni. Aliishia kidato cha nne, baba yake alipougua, akaingia kwenye ususi kwa sababu mama yake mdogo alikuwa na kiti cha ziada. Lakini kila mteja aliyeketi mbele yake alimwachia jambo: mji huu ulianzaje, kwa nini mtaa ule maji yanatoka na huu hayatoki, nani aliamua. Alikuwa akiitikia “ndiyo, ndiyo” huku moyoni hajui kitu.

Miaka sita ilikwenda vizuri. Nesi wa zahanati alimsomea historia ya dunia kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasimama mara moja tu, kwenda kujifungua. Bibi mmoja mstaafu alikuwa akija hata nywele zake zikiwa bado nzima, kisa anataka kujua vita viliishaje. Benchi nalo lilisikiliza, likabisha, likagawanyika makundi mawili juu ya watu waliokufa zamani.

Halafu likaja somo la falsafa, na msomaji wake mkubwa alikuwa muuza mitumba wa jirani, mwanamke mwenye sauti nzuri na haraka nyingi.

Matokeo ya mtihani yaliingia kwenye simu Mama Pacha akiwa ameshika kichwa cha mtu. Amefeli. Aliendelea kusuka mpaka mstari wa mwisho, akachovya ncha, akapokea pesa yake, akashukuru. Ndipo akaenda nyuma ya mlango akalia.

Jambo halikuwa dogo. Chuo kinampa mwanafunzi wa jioni miaka saba, na kwake ulibaki mmoja. Asipolipia somo na kulirudia mwaka huohuo, masomo yote aliyofaulu yanafutwa. Kulirudia kulitaka vichwa kumi na vinane, malipo yote mkononi kabla ya mwisho wa mwezi. Na bati la nyumba yao lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha watoto, pesa iliyokuwepo imeshaahidiwa fundi wa bati.

“Nilimwambia mume wangu, basi, weka bati,” anasema. “Nilishachoka.”

Jumanne yake muuza mitumba aliingia saluni, akasimama mlangoni kama mgeni.

“Mbona hukai?” Mama Pacha alimwuliza.

“Nikikaa utaninyoa. Mwenzangu, lile swali lililokuangusha lilihusu nini?”

“Eti tunajuaje kwamba tunachokijua ni kweli. Nami sijapata kulisikia kwenye kile kitabu.”

“Hukulisikia kwa sababu sikulisoma.” Muuza mitumba alijishika kichwa. “Nilikuwa naruka. Yule bwana aliyekiandika anajiuliza kama meza ipo, na huku ameiegemea! Nikasema huyu atatuchelewesha, nina robota la nguo halijafunguliwa. Nikafungua mbele.”

“Kurasa ngapi?”

“Mama Pacha, usiniulize ngapi. Uliza nilizosoma.”

Benchi zima liligeuka kumtazama mwenye saluni. Kisha Mama Pacha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Anasema hicho kicheko ndicho kilichomnyanyua: kumbe hakuwa mjinga, alikuwa hajasomewa.

Muuza mitumba hakuishia kuomba radhi. Alitoa pesa ya kichwa kizima cha rasta ndogo, akaiweka chini ya kopo la mafuta. “Hizi ni za nywele zangu za mwezi wa tisa,” alisema. “Hazijaota bado, lakini zitaota.” Akatoka, akapita mlango kwa mlango. Kufikia Ijumaa, wanawake kumi na wanane walikuwa wamelipia nywele ambazo hazijaota. Nesi alilipa. Trafiki alilipa, ingawa siku hizo kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote.

Bati liliwekwa, na ada ikalipwa.

Safari hii muuza mitumba alisoma kila ukurasa, na bibi mstaafu aliketi pembeni na miwani yake kuhakikisha. Walipofika kwenye meza ya yule bwana walibishana siku tatu.

Mama Pacha alifaulu kwa alama sabini na nne.

Siku ya mahafali uwanja wa chuo ulijaa vichwa vilivyosukwa vikasukika. Jina lake lilipotajwa, vigelegele vilipanda hadi mtangazaji akangoja. Muuza mitumba alisimama juu ya kiti cha plastiki, akapiga kelele: “Tumefaulu! Tumefaulu jamani!” Hakuna aliyemwambia ashuke.

Wifi naye alikuwepo, na mkononi ana maua. “Haya, sasa inalipa nini?” alimnong’oneza.

Jibu lilikuwepo. Shule ya watu wazima imempa Mama Pacha kazi ya kufundisha historia jioni tatu kwa wiki, na ujira wake haupungui vichwa kumi na viwili kwa mwezi. Kitabu anachosoma trafiki asubuhi hii ni cha somo lake la kwanza.

Lakini akiulizwa yeye mwenyewe digrii imempa nini, hataji mshahara. Anataja siku mwenye nyumba ya saluni alipokuja kudai pesa ya bomba, akisema wapangaji wote wamekuwa wakilipa tangu zamani. “Zamani ningeitikia ndiyo,” anasema. “Nikamwuliza, tangu lini? Nani alikuwepo? Pameandikwa wapi? Akasema atarudi. Mpaka leo.”

Kati ya vile vichwa kumi na vinane, vinne bado anadaiwa, na atavimaliza kabla ya kuanza kufundisha. Saluni hafungi. Ila Jumapili, siku yake ya mapumziko, ameshaitoa. Muuza mitumba ameandikishwa chuoni, mwaka wa kwanza, falsafa. Naye mikono yake iko kwenye nguo kutwa nzima.

“Nitakaa juu ya robota, nimsomee,” anasema Mama Pacha. “Nataka nimwone amevaa joho. Halafu huyo naye atamsomea mwingine.”