Waya Hauvutwi

Juzi nilitoka Handeni kwenda Manundu kumwona bibi, ambaye sasa anakaa kwa mjomba. Njiani nikafungua mkoba nitoe chaja. Lahaula! Ikatoka na waya wa hedifoni na ule wa kompyuta, zote zimefungamana. Nikaanza kuvuta, na mimi subira sina. Hapo hapo Ngombezi, kambi ya mkonge alikonilea bibi, ikanirudia.

Unaijua harufu ya mkonge uliotoka kiwandani, ile kali inayokaa puani mpaka unakula nayo? Bibi alirudi nayo kwenye khanga kila jioni. Alikuwa anapiga brashi katani kiwandani, kusafisha nyuzi zake, na tulikaa nyumba za kambi, ukuta kwa ukuta na jirani mwenye muziki wa kukodisha. Akirudi harusini, gunia lake la waya lilimwagwa mkekani kwetu, maana kambi nzima ilijua bibi ana mkono wa kamba.

Bada la muhogo likisubiri jikoni, tulikaa chini na rundo lile. Jirani alikuwa na tabia ya kuzungushia waya kiwikoni, anakaza kama anafunga mbuzi. Bibi alimchapa mkono. "Kwani unamnyonga nani?" Yeye alitafuta ncha kwanza, akalegeza rundo, akaacha waya utoke wenyewe. Kisha aliukunja akifuata msokoto wake, duara juu ya duara, akaufunga kwa uzi wa katani, fundo la kitanzi ambalo ukivuta ncha linaachia. Kila waya ulikuwa na msumari wake ukutani, wa spika huku, wa maiki kule.

"Waya hauvutwi," aliniambia kila siku. "Ukivutwa unakaza. Lakini wewe mjukuu wangu mikono yako ya fisi!" Nami nilivuta, tukacheka.

Jirani yule ametangulia mbele ya haki. Siku hizi harusini spika zinaongea na simu bila waya wowote, na ile nyumba ya kambi ina watu wengine.

Na bibi anasahau. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia vizuri, "Marahaba, mama. Umetokea wapi?" Nikamtajia jina langu. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni. Mjomba alikuwa amenionya nisiumie. Niliumia sana.

Nikamwekea lile fundo la waya mapajani. Vidole vyake vikatafuta ncha. Polepole, bila kuangalia, akazitoa moja moja, akazikunja. Akachomoa uzi kwenye kamba za kitanda alichokalia, akafunga kila moja kitanzi. Nilidhani sasa ataniita kwa jina.

Akanikabidhi.

"Mpelekee mjukuu wangu," akasema. "Yuko Handeni. Mwambie asivute."

"Nitamfikishia, bibi."

Nimenunua chaja nyingine. Ile ipo ukutani kwangu, kwenye msumari wake, na fundo lake sijalifungua.