Kipimo cha Mkono wa Lusajo

Kabla sijasimulia lolote, namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho yanayoona na kichwa kinachokumbuka. Kipimo chake hakichakai wala hakimpunji mtu. Amenifikisha kwenye uzee nikiwa bado nina hamu ya kucheka, na ndugu yangu wa kucheka naye amenibakizia. Kwa hayo mawili peke yake ningeweza kusifu hadi jioni.

Harufu ya nyasi zilizokatwa zikiwa bado na umande ndiyo inayonirudisha Mufindi, katika miaka ya sabini, kwenye shamba la chai alikofanya kazi baba yetu. Harufu hiyo haikuwa peke yake. Ilichanganyika na ile ya majani ya chai yaliyokuwa yakikaushwa kiwandani, ambayo upepo uliileta hadi kwenye nyumba za wafanyakazi na kuiacha kwenye mablanketi yetu. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyefuata kazi Iringa, na kazi aliyopewa ilikuwa kukata nyasi za uwanja wa gofu wa mameneja. Wazungu wengi walikuwa wameshaondoka, na waliobaki walicheza Jumamosi tu, tena ukungu ukikubali. Sehemu kubwa ya uwanja ilikuwa imerudi kuwa malisho, lakini baba alikuwa na kipande kimoja ambacho hakukiacha kiharibike, lile duara la nyasi fupi linalozunguka shimo la mwisho. Sisi watoto tuliliita zulia. Alituruhusu kulichezea baada ya shule, mradi tuwe peku, na Jumapili tusilikanyage kabisa.

Mimi nilikuwa msichana asiyetulia. Kanisani mama aliniweka kati yake na ukuta ili nisipate pa kuponyokea, na hata hivyo miguu yangu ilicheza chini ya benchi mpaka baraka ya mwisho. Kaka yangu Lusajo alikuwa kinyume changu. Alinizidi umri kidogo na urefu sana, na angeweza kuchuchumaa nyuma ya mpira muda mrefu akiutazama kama anayeusubiri useme. Tulikuwa na mpira mmoja, mkuukuu, ambao baba aliuokota kwenye majani ya chai, na gongo moja alilotuchongea kwa mti wa mkaratusi. Lusajo ndiye aliyegundua namna ya kupima. Alikata tete kavu, akalichoma alama kwa waya wa moto, kisha akawa analishika wima kwa mkono ulionyooshwa, jicho moja amelifumba, akitazama kibendera cha shimoni. Ncha ya chini ya tete ilikaa kwenye shina la kibendera, naye akaangalia kilele chake kinafikia alama gani. Kikiwa karibu kilijaza alama nyingi. Kikiwa mbali kilionekana kifupi. Kila alama ilikuwa na amri yake. "Kidole!" maana yake gongo livutwe nyuma hadi usawa wa kidole gumba cha mguu wa kulia. "Kisigino!" maana yake lipite hapo hadi kisiginoni. Yeye alipima, mimi nikapiga, kwa kuwa sikuwa na subira ya kufumba jicho. Kwa utaratibu huo tuliwashinda watoto wote wa nyumba za wafanyakazi, na Lusajo akaanza kusema "tumepata" hata mpira ukiwa bado njiani.

Kipupwe kilipoingia, shangazi alikuja kututembelea kutoka Mbeya mjini. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, na nyumba yake ilikuwa imebaki kimya. Aliingia na baridi kwenye khanga zake, akatusalimia, akanywa chai, na kabla kikombe hakijaisha akasema kilichomleta.

"Ndaga, mdogo wangu, asante kwa chai. Sasa nipe mtoto mmoja. Shule iko jirani na kwangu, na taa ninazo. Nitamsomesha kama wangu."

"Yupi?" baba akauliza.

"Yeyote. Mimi sikuja kuchagua kama niko sokoni."

Kupewa ndugu mtoto amlee lilikuwa jambo la kawaida kwetu, na baba asingeweza kumkatalia dada yake mkubwa. Sisi wawili tulikuwa nyuma ya mlango tunasikiliza. Mbeya! Nilishajiona niko kwenye gari, milima inapita dirishani. Nilimtazama Lusajo nikaona na yeye macho yamemng'aa, yule ambaye hakuna kitu kilichomng'arisha upesi. Hapo nilielewa kwamba tunakitaka kitu kimoja, na kwamba hakigawanyiki.

Baba alituita akatuuliza nani anataka kwenda. Tulijibu kwa pamoja. Akasema hawezi kuwapanga watoto wake, huyu wa kwenda na huyu wa kubaki, halafu aombe kwa amani. Tukubaliane wenyewe kabla shangazi hajaondoka. Siku zilizofuata zilinitesa. Nilikuwa nikianza kuosha chombo naacha, nachukua ndoo naisahau kisimani. Hatukukubaliana. Mwishowe Lusajo akasema tuamue kwenye zulia: kila mmoja apige mara moja kutoka kwenye jiwe moja la ukingoni, na ambaye mpira wake utatulia karibu zaidi na shimo ndiye mwenye safari. Nilikubali haraka, kwa sababu kati yetu mimi ndiye niliyekuwa mpigaji.

Mama aliposikia aliweka sharti. "Kila mtu ajipimie mwenyewe," alisema. "Sitaki kesho mje kulaumiana hapa."

Tulikwenda alasiri, ukungu ukiwa umeinuka kidogo. Shangazi alikuja kutazama akiwa amejifunga khanga kichwani. "Mwe! Mimi nimekuja kuchukua mtoto, kumbe nimekuja kwenye mashindano," alisema, na baba akacheka bila furaha. Lusajo aliniachia nianze, akanipa tete lake. "Shika tu kama ninavyoshika mimi," aliniambia. Nilinyoosha mkono, nikafumba jicho. Kilele cha kibendera kilikaa kwenye alama ya kisigino. Ilinishangaza kidogo, maana kwa macho tu ningesema kidole, lakini tete lilikuwa halijawahi kutudanganya. Nikavuta gongo hadi kisiginoni, nikapiga. Mpira ulinyooka vizuri kabisa kuelekea shimoni, ukalipita pembeni ya ukingo, ukaendelea, ukatoka kwenye zulia na kuingia kwenye majani marefu. Lusajo akauokota, akarudi kwenye jiwe, akapima, akavuta gongo hadi kidoleni, akapiga ule mpira wake wa taratibu usio na mbwembwe, nao ukasimama karibu na shimo kiasi cha kufunikwa kwa kofia.

Gari lilipomchukua pamoja na shangazi, alinipungia mkono, na tete aliniachia. Alisema Mbeya hakuna zulia. Mimi nilibaki na swali ambalo halikunipa usingizi wala nafasi ya kukaa. Kwa nini alama yangu ilikuwa kisigino na yake kidole, jiwe likiwa lilelile na shimo lilelile? Je, alikuwa anajua? Nilimkumbuka alivyokuwa mpole siku ile, na upole wenyewe ukaanza kunitia shaka. Nilizunguka nyumba, nilikwenda barabarani na kurudi bila sababu. Jioni moja nikimenya viazi na mama nilimuuliza kama yeye alifurahi mpira wangu ulipopita.

"Sikumwomba Mungu akuzuie," mama alijibu bila kuondoa macho kwenye kisu. "Nilimwomba asinichukulie wote wawili. Amenisikia. Basi kaa, umenye viazi."

Nilikaa. Ilikuwa mara ya kwanza ninayoikumbuka kukaa hadi kazi ikaisha.

Mvua zilikuja, chai ikachipua, baba akawa anakata nyasi mara kwa mara. Sikuligusa tete. Lilikuwa limechomekwa juu ya mlango, na nilipita chini yake kila siku kama mtu aliyenuniana na jirani. Gauni langu la kanisani likaanza kunibana, mikono yake ikapanda juu ya vifundo vya mikono yangu, na mama akaongeza kitambaa. Nakumbuka alivyokuwa akinigeuzageuza, pini mdomoni, akinung'unika, "Mtoto huyu anakua kama mkaratusi." Sikujua kwamba jibu langu lilikuwa kwenye lile gauni.

Karibu na Krismasi nililichomoa tete, sijui kwa nini, nikaenda kwenye jiwe. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho. Kilele cha kibendera kilikaa kwenye alama ya kidole. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Kidole. Nikavuta gongo hadi hapo, nikapiga, na mpira ukaenda ukafa mdomoni mwa shimo. Nilibaki nimesimama na tete mkononi. Jiwe halikuwa limesogea, kibendera hakikuwa kimerefuka. Nilinyoosha mkono tena, safari hii nikautazama mkono wenyewe, na hapo nikaelewa. Alama zile Lusajo alizichoma kwa kipimo cha mkono wake. Tete likishikwa karibu na jicho, kila kitu mbele yake kinaonekana kifupi, na mkono wangu mfupi ulikuwa umelishika karibu mno. Hatukuwahi kujua kwa sababu siku zote yeye alipima na mimi nikapiga. Alikuwa amenipa alichokuwa nacho, kwa moyo mmoja, na hakikunitosha, kama vile kiatu chake kisingenitosha. Nililia pale kwenye zulia, na nilipomaliza kulia mwili wangu wote ulikuwa umetulia.

Lusajo alipokuja kwa likizo, sauti imekuwa nzito, nilimpeleka moja kwa moja kwenye jiwe hata begi hajafungua. Nikampa tete. "Hili sasa ni langu," nilimwambia. "Jaribu." Alipima, akapiga, na mpira ukakoma njiani, mbali na shimo. Akalitazama tete, akanitazama mimi, akanyoosha mkono wake ambao na wenyewe ulikuwa umerefuka, na nikaona inamwingia taratibu. "Sekela," alisema, "siku ile..." Nikamwambia najua. Alikaa chini kwenye nyasi. Baadaye akasema kwamba Mbeya alikuwa analala kwa shida, akiukumbuka mpira wangu ulivyopita, na hakujua amekosa nini.

Leo mambo yamegeuka. Ndoa ilinileta Mbeya, na Lusajo, baada ya kufundisha miaka mingi, amestaafu na kurudi Iringa. Mjukuu wangu Neema ndiye aliyetuwekea sote mchezo wa gofu kwenye simu, tukawa tunashindana kwa mtandao, kaka kwake na mimi kwangu. Macho yangu hayakuweza kukadiria umbali kwenye kioo kidogo, mipira yangu ikawa inapita au inafia njiani. Neema akaniwekea rula nyembamba inayoelea juu ya skrini. Unaisogeza kwa kidole kutoka kwenye mpira hadi shimoni, unasoma mistari, ndipo unajua mshale wa nguvu uujaze kiasi gani. Nilimuuliza kama si udanganyifu. Akacheka. "Bibi, rula inapima tu. Kupiga unapiga wewe." Sikumwambia kwamba nilishawahi kuuona ukweli huo.

Nilianza kumshinda kaka yangu, na nikaona si haki kumficha. Nikamrekodia sauti nikimweleza mistari yangu yote, mstari fulani nguvu kiasi fulani, na Neema akamwelekeza namna ya kuiweka rula. Jioni hiyo mipira ya Lusajo ikaanza kupita. Wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukatoka kabisa nje ya zulia. Simu yangu ikalia.

"Wewe mama, umenipa kitu gani? Nafuata mistari yako, mpira unakimbilia Dodoma!"

"Kaka, simu yako ikoje?"

"Kubwa. Wanangu walininunulia kubwa kwa ajili ya macho."

Shimo lilelile, kwenye kioo kikubwa, lilikuwa mistari mingi zaidi kwenye rula, na kila mstari ulimwongezea nguvu. Halafu nikasikia akianza kucheka taratibu, kicheko cha mzee anayekohoa katikati. "Sekela," akasema, "huu ni ule mkono wangu wa siku ile." Nikamwambia ndiyo, kaka, ni mkono wako, na mimi nilikupa kwa moyo mmoja. Tukacheka hadi Neema akaja kuuliza kuna nini.

Lile zulia sijui kama bado lipo. Tete lilipotea tulipohama. Kipimo cha siku hizi ni cha mwanga, kinaelea juu ya kioo na hakiozi, lakini bado kinahitaji kujua kimeshikwa na nani. Miguu yangu nayo bado haijatulia vizuri. Nikingoja zamu yangu kwenye mchezo inacheza chini ya kiti kama zamani. Jana Lusajo alitengeneza mistari yake mwenyewe, akanifunga. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kushinda.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki. Akupe ndugu wa kukupa alichonacho, na siku za kutosha kuja kuelewa alichokupa. Amina.