Hendeli ya Injini ya Baba

Enzi zetu, majirani wote karibu na Sosiot walijua Jumamosi imefika wakisikia injini ya Baba. Ilikuwa ya dizeli, silinda moja, gurudumu zito kila upande, na ndiyo iliyozungusha mashini ya kusaga mahindi. Kwenye paipu ya moshi Baba alifunika kopo la mafuta ya kupikia, nalo liligonga tak-tak-tak hadi ng'ambo ya bonde. Watoto wa majirani walifika na madebe kichwani, tukajilaza pamoja juu ya magunia ya unga yenye joto, tukarudi nyumbani weupe hadi kope. Watoto wa leo ukiwatuma unga dukani hapo barabarani, wananuna kana kwamba umewatuma Uganda kwa miguu.

Jambo moja lilinichoma. Injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma, na hendeli ilikuwa ya wavulana.

"Msichana hashiki hiyo," Baba alisema. "Ikirudi nyuma itavunja mkono yako, na nani ataoa wewe?"

Kaka yangu Kiprono aliizungusha huku akinitolea ulimi. Mimi nilipewa ufagio. Lakini macho hayafagii. Niliona jinsi Baba alivyoinua kichuma cha kufungua valvu ili gurudumu lizunguke jepesi, kisha akakiangusha ghafla. Niliona alivyoweka kidole gumba upande mmoja na vingine, ili hendeli ikirudi nyuma imtoke mkononi bila kumvunja.

Stima ilipofika, wateja walihamia mashini za umeme na injini ikaanza kushika kutu. Baba naye masikio yalikwisha, kazi ya kelele za miaka yote ile. Sasa hasikii hata ukimpigia kelele. Mwaka huu Kiprono alinipigia simu.

"Dada, hiyo ni chuma tu. Nimepata mtu wa skrepa wa kuinunua kwa kilo."

"Nipatie mpaka Agosti iishe," nikamwambia. "Isiponguruma, beba."

Alicheka. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina magoti mabovu, na gari langu dogo lililala nje kwenye mvua ili injini ikae gereji. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Niliimwagia dizeli, nikaigonga kwa ubao asubuhi na jioni, wiki mbili nzima, hadi ikasogea kiasi cha ukucha. Siku hiyo niliimba wimbo wa kanisani peke yangu. Ringi mpya za pistoni nilichongewa na fundi wa Kericho mjini, aliyeniuliza mara tatu kama mume wangu ndiye amenituma. Gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba viungo vya injini, nilikata mwenyewe kwa makasi. Nilitaka Baba aione ikizunguka kabla hajaondoka duniani, na nilitaka niwe mimi niliyeizungusha.

Agosti ilipoisha, Kiprono alikuja na mtu wa skrepa, na lori. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai na baridi ilikuwa inauma. Baba tulimkalisha mlangoni mwa gereji na blanketi lake.

"Leta mimi nijaribu," Kiprono akasema. Alizungusha mara nne, akaketi chini akihema. Mtu wa skrepa akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikachukua hendeli. Nilikumbuka kwamba asubuhi za baridi Baba alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akakiwasha, akakining'iniza kwa waya mahali injini inapovutia hewa, ivute hewa ya moto. Nikafanya hivyo. Nikainua kichuma, nikazungusha hadi mabega yakalia, nikakiangusha.

Tak. Kimya. Tak. Kisha tak-tak-tak, na gereji ikajaa moshi.

Baba hakusikia kitu. Aliona gurudumu. Akainuka na fimbo yake, akaweka kiganja juu ya pipa la maji linalopoza injini, akapima mtetemo wake.

"Inakula mafuta mingi," akasema. "Punguza."

Nikapunguza. Akapapasa tena, akatikisa kichwa kukubali, akauliza nani ameiwasha. Kiprono akaninyooshea kidole, bila ulimi safari hii. Baba akashika mikono yangu myeusi kwa oili, akaitazama.

"Ni wewe ningepatia hendeli tangu zamani," akasema.

Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Lori liliondoka tupu.

Siku hizi binti huendesha trekta mashambani na hakuna anayegeuka kumtazama. Inafaa iwe hivyo. Sisi tulisubiri hadi mvi zikatuota, na baba zetu wakasubiri hadi masikio yakaisha, ndipo tukaambiana ukweli.